SOMO: Kuhamisha magurudumu ya gari ya koperativi, kazi tunayoweza kufanya wenyewe



Kwa kawaida tunazungumza mbegu, udongo na mavuno. Leo tunazungumza mipira ya gari. Sababu ni kwamba mpunga ukishavunwa na kukaushwa, kazi iko bado nusu: unapaswa kufika sokoni. Na hapa Kindu tuko mbali. Kitu cha dukani kinatufikia kwa treni ya SNCC kutoka Katanga, kwa ndege, kwa mashua ya Lualaba, ao kwa barabara ambayo mvua inaikata. Ndiyo maana mpira mpya ni bei kali, na mara ingine haupatikani hata kama feza iko mfukoni. Koperativi ya Mikelenge ambayo pikapu yake imesimama kwa ajili ya mpira mmoja, magunia yake yanasimama pamoja nayo.

Kuhamisha magurudumu maana yake ni kubadilisha nafasi zao: la nyuma linakwenda mbele, la mbele linakwenda nyuma. Halihitaji kununua kitu. Linahitaji watu wawili, masaa mawili ya asubuhi, na kufuata utaratibu.

KWA NINI TUHAMISHE?

Mkulima anajua hii habari tayari. Ukipanda mihogo mwaka kwa mwaka mahali pamoja, udongo unachoka upande mmoja. Unageuza: leo mihogo, kesho karanga, halafu mahindi. Gari ni vilevile. Magurudumu ya mbele yanakata kona, kwa hiyo mipira yao inalika pembeni. Ya nyuma kwenye pikapu yanasukuma na kubeba magunia, kwa hiyo yanalika haraka zaidi, mara nyingi katikati.

Tusidanganyane: kuhamisha hakuongezi mpira. Faida zake ni tatu. Ya kwanza, unautumia mpira wote, pembeni na katikati, badala ya kuutupa wakati upande mmoja umeisha na mwingine bado mzima. Ya pili, kwenye gari ya 4x4 mipira inabaki na kimo kinachokaribiana. Ikiachana sana, meno ya gia na difarensie yanaumia, na huko gharama si ndogo. Ya tatu ni ya kasha letu: mipira inachoka pamoja, kwa hiyo tunaona mwaka mmoja mbele kwamba tutanunua, na tunaweka feza wakati mpunga umeuzwa. Mpira unaokufa ghafla unakufa siku kasha liko tupu.

LINI?

Kwenye lami watu wanahesabu kilometa 8,000 hadi 10,000. Barabara zetu ni za udongo mwekundu na changarawe. Tukihamisha kila kilometa 5,000 ni vizuri. Kama kaunta ya gari imekufa, hesabu safari katika daftari. Wakati mzuri mwingine ni kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla mvua haijarudi.

SOMA MPIRA KWANZA

Kabla ya kushika ufunguo, zunguka gari na uangalie meno ya kila mpira.

- Umelika katikati tu: upepo ulikuwa mwingi.
- Umelika pembe zote mbili: upepo ulikuwa kidogo, ao mzigo ulizidi.
- Umelika pembe moja tu: magurudumu hayako sambamba. Mekanisien arekebishe kwanza.
- Una mawimbi, kilima na bonde: amortisa zimechoka, ao kuna kitu kimelegea chini.

Kuhama si kupona. Ukihamisha mpira bila kutengeneza kasoro, ule utakaokuja mahali pake utaugua ugonjwa uleule, kama vile kubadilisha zao kwenye shamba ambalo mvua inabeba udongo wake.

Angalia pia mwisho wa mpira. Ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo vya mpira. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na mpira umekwisha. Kwenye matope yetu usingoje mpaka hapo. Chini ya milimita 3 gari inaanza kuteleza kama pirogi. Umri wake nao umeandikwa: tafuta herufi DOT, na soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wenye nyufa, uvimbe ao nyuzi zinazoonekana hauhamishwi. Unaondolewa.

VYOMBO

Kriki yenye nguvu ya kubeba gari yenu, ufunguo wa msalaba, ubao mgumu wa sentimeta 30 kwa 30, unene sentimeta 5, mawe ao vipande vya mti vya kuzuia magurudumu, kipimo cha upepo, brashi ya chuma, chaki, daftari.

USALAMA: HAPA HATUCHEKI

Mtu anaweza kufa kwa kazi hii, na karibu kila mara sababu ni moja: gari imeanguka kutoka kwenye kriki. Basi:

1. Shusha magunia yote na watu wote. Hata mtoto aliyelala kwenye kabini ashuke.
2. Weka gari mahali sawa na pagumu. Hakuna mtelemko. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ngojeni udongo ukauke.
3. Vuta freni ya mkono na tia vitesi ya kwanza. Lakini usiiamini freni peke yake: kwenye magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma yake. Ukiinua mbele, zuia ya nyuma.
4. Kriki ikae juu ya ubao, chini ya mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari. Kriki juu ya udongo mtupu inazama polepole, na wewe huioni.
5. Gurudumu lililo huru lilaze chini ya shasi, karibu na kriki. Kriki ikiteleza, gari italalia gurudumu, haitalalia mtu.
6. Hakuna kichwa, mkono wala mguu chini ya gari. Kama kuna kitu kimeingia chini, kivute kwa fimbo.

UTARATIBU WA KAZI

Watu wengi wanafikiri unahitaji kriki nne. Hapana. Gurudumu la akiba linatusaidia, na tunainua mahali pamoja tu kwa mara.

Andika kwa chaki: 1 mbele kushoto, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 nyuma kulia, 5 la akiba.

Kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ao ya 4x4:

- Hatua ya 1: mbele kushoto, toa 1, weka 5.
- Hatua ya 2: nyuma kulia, toa 4, weka 1.
- Hatua ya 3: mbele kulia, toa 2, weka 4.
- Hatua ya 4: nyuma kushoto, toa 3, weka 2.

Mkononi imebaki namba 3. Kama gurudumu la akiba ni saizi ileile, aina ileile, na meno yanakaribiana na mengine, kazi imekwisha: namba 3 inakuwa akiba, na ile ya akiba inaanza kufanya kazi badala ya kuozea chini ya gari. Kama la akiba ni tofauti ao limezeeka, ongeza hatua ya 5: mbele kushoto, toa 5, weka 3.

Kwa gari ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, anza vilevile mbele kushoto (toa 1, weka 5), halafu nyuma kushoto (toa 3, weka 1), mbele kulia (toa 2, weka 3), nyuma kulia (toa 4, weka 2), na mwisho mbele kushoto tena (toa 5, weka 4).

Mpira wenye mshale ubavuni unazunguka upande mmoja tu. Huo hauvuki kushoto kwenda kulia; unabadilishana mbele na nyuma upande uleule. Na somo hili si la lori lenye magurudumu mawili-mawili nyuma.

Kwa kila gurudumu fanya hivi. Legeza buloni nusu mzunguko wakati gurudumu bado liko chini. Ukilegeza gari ikiwa juu, unaisukuma iangukie. Kisha inua, toa buloni, toa gurudumu. Sugua kutu kati ya janti na kitovu kwa brashi ya chuma. Usitie mafuta kwenye uzi wa buloni. Weka gurudumu jipya, funga buloni kwa vidole kwanza, halafu kwa ufunguo kidogo. Shusha gari, ndipo ukaze kabisa, ukifuata mtindo wa nyota: moja huku, nyingine ng'ambo, si kwa kuzunguka.

Kukaza ni kiasi gani? Kitabu cha gari kinasema, kwa kipimo cha Nm. Tuseme kimeandika 100 Nm na ufunguo wako una urefu wa nusu mita: hiyo ni sawa na uzito wa kilo 20 hivi mwishoni mwa ufunguo. Shofere wa kilo 70 akipanda juu ya ufunguo huo na kurukaruka, amezidisha zaidi ya mara tatu, na buloni inaweza kukatika njiani. Baada ya kilometa 50, simama na ukaze tena. Hatua hii ndiyo inasahauliwa kuliko zote.

UPEPO UNAFUATA MAHALI, HAUFUATI MPIRA

Mara nyingi nyuma inataka upepo mwingi kuliko mbele, zaidi gari ikibeba. Mpira uliotoka nyuma umekuja mbele na upepo wa nyuma. Pima yote asubuhi, mipira ikiwa baridi, na ufuate kibandiko cha mlangoni. Kibandiko kikiandika bari 2.4, kwenye kipimo cha PSI ni 35 hivi. Usisahau la akiba.

MIPIRA YA RANFLATI: ANGALIA KABLA YA KUNUNUA GARI

Magari ya okazio kutoka nje, kama BMW, Mini na hata baadhi ya Toyota, yanaweza kuja na mipira inayoitwa ranflati. Ubavu wake ni mnene na mgumu. Upepo ukitoka wote, ubavu unabeba gari. Kwa kawaida inaruhusiwa kwenda hivyo kilometa 80 hivi, bila kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Hiyo ni kwenye barabara nzuri. Utaitambua kwa herufi ubavuni: RFT, ROF, ZP, SSR ao RSC.

Ukiwa nayo, unaweza kuihamisha mwenyewe, lakini shika mambo haya:

- Linganisha saizi iliyoandikwa mbele na nyuma. Kwenye baadhi ya magari haya ya nyuma ni mipana zaidi. Hapo mbele na nyuma hazibadilishani. Zikiwa na mshale pia, hakuna kuhamisha kabisa.
- Hamisha gurudumu zima. Usimpe kwado kazi ya kutoa mpira kwenye janti kwa vyuma na nyundo: ubavu ni mgumu, ukingo unapasuka, na kifaa cha kupima upepo kilicho ndani kinavunjika.
- Kwa macho hutajua kama upepo umetoka, maana mpira haulali. Tumia kipimo kila juma. Taa ya upepo ikiwaka, usiizibe kwa karatasi.
- Baada ya kuhamisha, rudisha mfumo wa taa hiyo upya kama kitabu kinavyoelekeza.
- Mpira uliokwisha kutembea bila upepo usiujaze tu na kuuhamishia kwingine. Fundi mwenye vyombo vyake autoe na kuukagua ndani.
- Usichanganye ranflati na mipira ya kawaida.

Magari mengi ya namna hii hayana gurudumu la akiba wala kriki. Kwa koperativi inayobeba mpunga kwenye barabara ya Kibombo, ao inayovuka Lualaba kwenda Alunguli na kuendelea hadi Kalima, ushauri wangu ni mpira wa kawaida wenye ubavu wa nguvu, akiba nzima, na kwado unayemfahamu.

DAFTARI

Kila mara andika: tarehe, kilometa ao hesabu ya safari, meno ya kila mpira kwa milimita, nani alifanya, nani alikaza tena baada ya kilometa 50. Daftari likae kwa katibu, si kwa shofere peke yake. Gari ni ya wote, na wamama wanaokaa juu ya magunia wana haki ya kujua mipira iko namna gani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Gari tunayotumia inasukumwa na magurudumu gani? Nani ataangalia?
2. Gurudumu letu la akiba ni saizi ileile na mengine? Lina umri gani?
3. Nani wawili watajifunza kazi hii, ili asipokuwepo mmoja isisimame?
4. Tukipima meno leo, mipira itafika mwisho kabla ao baada ya kuuza mpunga? Tuanze kuweka feza lini?

Fanyeni kazi ya kwanza pamoja, mchana, kikundi chote kikiangalia. Anayeona mara moja na kushika ufunguo mara moja, atakumbuka.