Mziki Mnene, Betri Hoi: Panga Umeme wa Gari Kabla ya Kulipa Fundi

Uko kwa foleni Thika Road saa moja jioni. Mziki uko juu, abiria wametulia. Lakini kila besi ikipiga, taa za mbele zinafifia kidogo. Asubuhi yake unazungusha ufunguo, gari linatoa "tik tik" na kunyamaza. Squad ya kwanza imekupita, na mkopo wa gari hausubiri.

Wateja wetu wengi wenye matatu, teksi na magari ya nyumbani hutumia pesa nyingi kununua spika na amplifaya, kisha wanasahau kinachozilisha. Leo tujifunze hesabu yenyewe, halafu tuone jinsi ya kulipa kazi hii bila kujuta.

Hesabu kwanza

Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme gari likiwa limewaka. Betri ni akiba tu, kama pesa uliyoweka kando: ukitoa kuliko unavyoweka, itaisha.

Tuseme amplifaya yako ni ya wati 1,000 za kweli, yaani zile zinazoandikwa RMS. Usifuate "max" iliyochorwa kubwa kwa boksi. Amplifaya nzuri ya daraja D hupoteza kama asilimia 20 kwa joto, kwa hivyo itavuta wati 1,250. Gawanya kwa volti 13.8 za gari lililowaka: unapata karibu ampea 90 besi ikipiga kwa nguvu zote. Mziki haupigi kilele kila wakati, kwa hivyo chukua thuluthi moja kama wastani: ampea 30.

Sasa tuseme alteneta yako imeandikwa ampea 70, na taa, feni na injini zinakula 35. Zinabaki 35. Unaona zinatosha, sivyo? Shida ni kwamba hizo 70 hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Ukiwa umesimama kwa jam au stage, alteneta inaweza kutoa 40 pekee. Toa 35 za gari, zinabaki 5. Mziki unataka 30. Upungufu ni 25, na unatoka kwa betri. Betri ya ampea-saa 60 ikikaa hivyo kwa muda wa saa mbili, imebaki karibu tupu. Ndiyo maana gari linalopiga mziki poa safarini linakufa mjini.

Pesa iende wapi kwanza?

1. Kupima. Mwambie fundi apime volti kwenye betri injini ikiwa imewaka na kila kitu kimezimwa. Kwa magari mengi, 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikiwa chini ya hapo, rekebisha tatizo hilo kabla ya kununua kitu chochote.

2. Waya tatu kubwa. Hizi ni kutoka alteneta hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, na injini hadi bodi. Waya nyembamba za kiwandani hupoteza volti na kupata joto. Hii ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote zilizobaki, na wengi huiruka.

3. Waya ya amplifaya na fyuzi. Kwa mfano wetu, waya ya shaba ya milimita mraba 25 na fyuzi ya ampea 100 inafaa. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. Ikiwekwa kule nyuma kwa amplifaya, waya ikichubuka njiani na kugusa bodi hakuna kitakachokata umeme, na gari linaweza kushika moto.

4. Alteneta kubwa. Uliza inatoa ampea ngapi injini ikiwa imetulia, si zile za juu tu.

5. Betri ya pili. Inaongeza muda wa kusikiza gari likiwa limezimwa. Haitengenezi umeme. Ukiongeza betri bila alteneta ya kutosha, umeongeza mdomo wa kulishwa.

Ukienda Luthuli au Kirinyaga Road kununua waya, kuwa macho. Kuna waya ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, inauzwa kama shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe kama fedha, hiyo si shaba tupu. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene huo huo, kwa hivyo usiilipie bei ya shaba.

Lipa kwa hatua

Usitume pesa zote siku ya kwanza. Omba fundi aandike bei ya vifaa na bei ya kazi kando kando, hata kama ni kwa meseji tu. Kisha gawanya hivi:

- Vifaa: lipa duka moja kwa moja kwa namba yao ya till, ukishaona bidhaa na kuikwangua. Soma jina linalotokea kwa simu kabla hujathibitisha. Jina likiwa tofauti na la duka, simama uulize.
- Kazi ikianza: sehemu ndogo ya ufundi, mliyokubaliana.
- Kazi ikiisha: salio, baada ya jaribio.

Jaribio lenyewe ni hili. Gari limesimama, limewaka. Washa taa, feni na mziki kwa sauti unayotumia kila siku. Pima volti kwenye betri kwa dakika kumi. Zikikaa juu ya 13, mlipe fundi salio lake na umshukuru. Zikishuka chini ya 12.6 na kubaki hapo, betri inaliwa, kazi haijaisha.

Usifute zile meseji za malipo. Alteneta ikigoma wiki ijayo na duka liliahidi waranti, meseji yenye tarehe, kiasi na jina la duka ndiyo ushahidi wako. Na mtu yeyote akikupigia akisema "nitumie PIN nikurudishie deposit," kata simu. Hakuna malipo yanayorudishwa kwa kutaja PIN.

Mziki mzuri huleta abiria. Lakini gari lisilowaka saa kumi na moja asubuhi halibebi mtu. Piga hesabu kwanza, kisha ndiyo ubonyeze "tuma".