SOMO LA MWEZI: Gari ya koperative ikianza kulia nyuma
Diski za freni na rulema za magurudumu ya nyuma



Mara nyingi mu ukurasa huu tunazungumuza juu ya muhogo, maharagi na namna ya kulinda mbegu. Leo tutazungumuza juu ya gari. Najua mumoja wenu atauliza: agronomu anajua nini juu ya freni? Ni kweli, mimi si mekanisie. Yenye nitaandika hapa nilifundishwa na mekanisie, nikiwa nimepiga magoti pembeni yake, kisha kosa lenye lilikuwa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa 9, mwanzo wa musimu A. Tulikuwa tunatoa mbegu za mahindi na mbolea Bukavu, tunazipeleka Kamanyola, mu uwanda wa Ruzizi. Gari ilikuwa Land Cruiser ya zamani ya koperative moja. Asubuhi shofere aliniambia: "Agronomu, gurudumu ya nyuma ya kushoto inalia. Tuiangalie mbele ya kushuka Ngomo." Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza na wakulima walikuwa wanangojea. Nikamujibu: "Papa, tushushe kwanza mbegu. Tutaiangalia tukirudi." Alinyamaza, akapanda.

Tulipita Nyangezi bila shida. Mu kona za Ngomo, tukaanza kusikia harufu ya grese yenye kuungua. Gurudumu ikaanza kuchezacheza. Kwa bahati, shofere alikuwa anashuka polepole na vitesi ya kwanza, akasimamisha gari upande wa mulima. Mwaye, ni kusema kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa inatoa moshi. Tulikuwa watu sita, na mama wawili walikuwa wamekaa juu ya viloba. Upande mwingine wa barabara munajua kuko nini.

Hakuna mutu aliumia. Tulilala njiani usiku mbili tukilinda mbegu. Mekanisie alipofungua, rulema ilikuwa imevunjika, mafuta ya poni yalikuwa yamemwangika ku freni, na diski ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa sababu ya moto. Kazi yenye ingeomba rulema na spi tu, sasa iliomba pia diski, plakete na mwaye mupya. Tangu siku ile, nikisikia gari inalia, ninasikiliza.

Vitu hivi vinafanya kazi gani?

Diski ni sahani ya chuma yenye kuzunguka pamoja na gurudumu. Shofere akikanyaga freni, etriye inakamata diski kati ya plakete mbili, na mbio ya gari inageuka kuwa joto. Joto hilo ni mingi. Gari yenye kupima tani 3 pamoja na muzigo, ikishuka mita 500, inatoa joto lenye kutosha kuchemsha maji ya baridi ya bidoni mbili za lita 20. Kama shofere anashuka na freni tu, bila vitesi ya chini, karibu joto hilo lote linaingia mu diski na plakete. Ndiyo maana kushuka Ngomo kunaomba vitesi ya kwanza ao ya pili, ili motere isaidie kuzuia gari.

Rulema ndiyo inaacha gurudumu izunguke bila kuchezacheza, na uzito wote wa muzigo unapita mu hiyo. Kwenye gari yetu, kila gurudumu ya nyuma ilikuwa na rulema mbili, moja ya ndani na moja ya inje. Kati ya rulema na mafuta ya poni kuko spi, kipete cha mupira chenye kuzuia mafuta. Spi ikichoka, mafuta ya poni yanaosha grese ya rulema, kisha yanatoka na kulowanisha freni. Kwa hiyo kipete kidogo kinaweza kuharibu rulema na freni mara moja.

Namna ya kusikia na kuona ugonjwa

Mukulima anajua kuangalia jani na kusema kama ni mozaiki ao ni njaa ya udongo. Gari pia iko na alama zake:

– Freni inakwaruza kama chuma juu ya chuma: plakete zimekwisha, na sasa diski inakulwa.
– Pedale inatetemeka muguuni wakati wa kufreni: diski haiko tena sawasawa.
– Sauti ya kunguruma yenye kuongezeka na mbio, hata kama hamufreni, na yenye kubadilika mu kona: fikirini rulema.
– Gari imefika bila kufreni sana, lakini mwaye moja iko na moto sana kupita ingine: rulema imekosa grese ao imekazwa sana, ao freni imebaki imekamata. Musiiguse. Mumwangie matone ya maji. Yakichemka, mwite mekanisie.
– Mafuta ndani ya janti, upande wa poni: spi imekwisha.
– Gurudumu ikiwa juu, kamata upande wa juu na wa chini, usukume na kuvuta. Ikichezacheza, gari haibebi muzigo siku hiyo.

Kazi yenyewe

Sitaki kila mukulima akuwe mekanisie. Nataka komite ikituma mutu ku garaji, mutu huyo ajue cha kuangalia na cha kuuliza. Ninaeleza gari yenye diski nyuma na poni kubwa, sawa yetu. Kama yenu iko na tambure, upande wa freni ni tofauti, lakini mafundisho ya rulema yanaweza kuwasaidia.

1. Kusimamisha gari. Fasi iwe sawa na ngumu. Mawe ao mbao nzito mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Freni ya mukono iachiliwe, kwa sababu kwenye gari hii vipande vyake viko ndani ya diski. Legeza ekru za gurudumu mbele ya kuinua. Inua na kriki, kisha weka shandeli ya chuma chini ya poni. Hakuna mutu anaingia chini ya gari yenye kushikwa na kriki peke yake. Matofali yanapasuka, musiyaamini.

2. Kutoa etriye. Buloni zake zikifunguka, ifungwe juu na waya. Isining'inie ku tiyo ya mafuta ya freni. Tiyo itachanika ndani na hamutaona. Na mutu asikanyage pedale wakati etriye iko inje.

3. Kutoa diski. Mara nyingi kutu inaikamata. Angalia: diski iko na matundu mawili madogo yenye filete. Tia buloni mbili, kaza polepole moja kwa moja, diski itasukumwa inje yenyewe. Kuipiga na marto ya chuma kunaumiza rulema.

4. Kupima. Juu ya diski kumeandikwa "MIN TH" na hesabu ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Mekanisie apime na pie-a-kulisi fasi mbalimbali. Diski ikishuka chini ya hesabu hiyo, ao iko na nyufa, haibaki, hata kama inaonekana muzuri.

5. Kufungua mwaye. Weka beseni chini, kwa sababu mafuta ya poni yatatoka. Ekru za chuma ndefu yenye kuzungusha gurudumu zinafunguliwa, chuma inavutwa inje, kisha ekru kubwa ya ndani. Ile ekru iko na fungulo yake. Ukiona mekanisie anaipiga na burini na marto, uliza kama hana fungulo. Ekru yenye imeharibika haikazike tena vizuri.

6. Kuangalia rulema. Zioshwe na petroli ya taa, zikauke. Vidude vyenye kuzunguka viwe laini na vyenye kungaa. Vikiwa na vishimo, ao rangi ya bluu, rulema inabadilishwa. Hapa kuko wizi mudogo wenye unafanyika mara nyingi: wanaweka rulema mupya lakini wanaacha kipete cha zamani mu mwaye, kwa sababu kukitoa ni kazi. Rulema na kipete chake vinabadilishwa pamoja, kila mara. Kipete kipya kinaingia sawasawa, bila kulala upande, mpaka sauti ya marto inabadilika na kuwa nzito: hapo kimefika. Na spi iwe mupya, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

7. Kutia grese. Kupakaa juu juu haitoshi. Weka grese mu kiganja, sukuma rulema ndani yake mpaka grese itoke upande wa pili, zunguka mpaka mwisho. Iwe grese ya rulema za magurudumu, na grese ya zamani isafishwe yote. Grese isiguse diski wala plakete.

8. Kukaza ekru kubwa. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Inakazwa wakati mwaye inazungushwa, inalegezwa, kisha inakazwa tena kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikilegea, gurudumu inacheza. Ikikazwa sana, rulema inaungua hata kama ni mupya. Mwaye inapashwa kuzunguka na mukono bila kucheza hata kidogo. Kisha kifungio cha ekru kirudishwe.

9. Diski na plakete mupya. Toa kutu yote fasi diski inakaa. Kutu kidogo inaipindisha, na pedale itatetemeka tena. Diski mupya iko na mafuta ya kuilinda: yaoshwe mbele ya kuifunga. Diski mupya inaenda na plakete mupya, na magurudumu yote mawili ya nyuma yanafanywa siku moja. Mukifanya upande mumoja tu, gari inaweza kuvuta upande wakati wa kufreni.

Maonyo mawili. Vumbi ya freni isipulizwe na kinywa. Plakete zingine za zamani ziko na amiante, na hiyo inaharibu mapafu. Lowanisha vumbi na maji, kisha panguza. Na mu tanki ya mafuta ya freni, tia tu mafuta yenye gari inaomba, sawa DOT 3 ao DOT 4. Mafuta ya motere yanaharibu mipira yote ya freni.

Mbele ya kupakia tena

Shofere akanyage pedale mara nyingi mpaka ikuwe ngumu, mbele gari haijatembea hata metre moja. Kwanza pedale inaweza kwenda mpaka chini, na watu wamegonga ukuta wa garaji kwa sababu hiyo. Angalia kiasi cha mafuta ya freni na ya poni. Ekru za gurudumu zikazwe kwa musalaba, si kwa kuzunguka. Jaribu fasi ya sawa, bila muzigo, polepole. Kilometre 200 za kwanza, freni kwa utulivu. Kisha safari ya kwanza, inua tena gurudumu, usikie kama inacheza, na ukaze ekru.

Feza, kaye, na neno la shofere

Koperative nyingi ziko na feza ya mbegu na ya mbolea, lakini hazina feza ya gari. Gari ikivunjika, wanatafuta deni wakati wa mavuno, wakati kila mutu anajua kama muko na haraka. Kila safari itoe kitu kidogo mu sanduku ya gari, na trezorie akiandike. Mukuwe pia na kaye ya gari: tarehe, kilometre, kipande gani kilibadilishwa, upande gani. Vipande vya zamani virudishwe ku depo, komite ivione kwa macho. Mukinunua rulema, linganisha namba yenye imechorwa juu ya chuma, ya zamani na ya mupya. Kartoni haitoshi, kwa sababu kartoni nzuri inaweza kubeba rulema mubaya.

Lakini kitu cha kwanza hakiombi hata franga moja. Andikeni mu sheria za koperative yenu: shofere akisema gari haiwezi kushuka, gari haishuke. Prezida asimulazimishe, muteja asimulazimishe, agronomu pia asimulazimishe. Shofere wetu alisikia, alisema, na mimi nilikuwa na elimu yenye kutosha kumunyamazisha. Ile mbegu ilifika na kuota. Lakini kila mara nikipita kona ile ya Ngomo, ninakumbuka wale mama wawili juu ya viloba. Hawakujua kama kuko mutu aliwachagulia kupanda gari yenye kulia.

Maswali ya kuzungumuzia mu mukutano

1. Mara ya mwisho rulema za gari yetu zilifunguliwa siku gani? Nani anaweza kuonyesha mu kaye?
2. Kama shofere anakataa safari, anamwambia nani? Na kama anakataa, anapoteza mushahara wa siku ile?
3. Nani atapima gurudumu mbele ya kila safari, na nani atamusaidia kama shofere hako?
4. Watu wanapanda juu ya muzigo wetu. Tunaweza kuanza namna gani kuacha zoezi hilo?

Mujibu swali la 2 kwa ukweli. Kama shofere anapoteza mushahara kwa kusema ukweli, siku moja atanyamaza.