Vifungo vya Protini na Ugumu wa Mishipa ya Damu

Ngozi mbichi ya ng'ombe huoza upesi. Lakini ikilowekwa katika maji ya magome ya muwati, mti unaofahamika sana Kilolo na Njombe, huwa ngozi imara ya kushonea viatu. Tanini iliyomo katika magome hayo huzifunga pamoja nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ngozi ikishafungwa hivyo, hairudii ubichi wake.

Jambo linalofanana na hilo hutokea mwilini. Kuta za mishipa ya damu nazo zina kolajeni. Sukari ya damu, yaani glukosi, hushikamana na protini polepole, na baada ya miezi na miaka hufanya vifungo baina ya nyuzi. Muungano wa sukari na viungo vya protini ulielezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Ndio unaolipa ganda la mkate rangi ya kahawia.

Kwa mgonjwa wa kisukari vifungo hivyo huongezeka haraka zaidi. Mishipa hukakamaa, moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na vichujio vya figo huharibika.

Wataalamu wamejaribu njia mbili za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza ni kuvizuia vifungo visifanyike. Mwaka 1986 ilionekana kwamba aminoguanidini huvizuia katika mishipa ya panya wenye kisukari. Lakini majaribio kwa binadamu, yaliyotangazwa mwaka 2004, hayakuthibitisha kwamba dawa hiyo huokoa figo. Njia ya pili ni kuvikata vilivyokwisha kufanyika. Mwaka 2001 dawa ya alagebriumu ililegeza kiasi mishipa ya wazee, lakini jaribio la mwaka 2011 kwa wagonjwa 102 wa moyo halikuonyesha manufaa. Tena, kifungo kilicho kingi zaidi katika kolajeni ya binadamu, glukosepani, hakikatwi na dawa hiyo. Glukosepani iliundwa maabara katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2015, nayo sasa hutumika katika kutafuta kitu cha kuikata.

Basi, hadi leo hospitali hazina dawa ya kukata vifungo hivi. Zilizopo ni dawa za kupunguza sukari na shinikizo la damu, na baadhi yake, kama vile kaptoprili, huzilinda figo. Msomaji na azingatie kwamba vifungo hufanyika bila maumivu yoyote. Kwa hiyo mwenye kisukari asingoje kuugua ndipo apimwe shinikizo la damu na protini katika mkojo, wala asiache dawa kwa kuwa anajisikia mzima.