Mpambe Asiyetajwa: Mbinu na Jasho katika Istilahi za Mbio za Baiskeli

1.0 Utangulizi

Mbio za baiskeli za hatua ni mashindano yanayoendeshwa kwa siku kadhaa mfululizo. Kila siku huwa na safari yake, yaani hatua, na muda anaoutumia mwendeshaji katika hatua hiyo hujumlishwa na ule wa siku zilizotangulia. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Tour de France, iliyoanzishwa mwaka 1903, huwa na hatua 21. Tour du Rwanda huchukua takriban wiki moja, na mwaka 2017 Mkenya Suleiman Kangangi alishika nafasi ya tatu katika mbio hizo. Mnamo Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Ni dhahiri kwamba mchezo huu umekwisha kubisha hodi katika nchi zinazozungumza Kiswahili. Swali lililopo ni hili: Kiswahili kitaupokea kwa maneno gani?

Makala haya yanashikilia kwamba istilahi za mchezo huu zisipoundwa kwa kuzingatia jinsi kazi inavyogawanywa barabarani, lugha itamtaja mshindi peke yake na kulificha jasho la waliomfikisha. Ili hoja ieleweke, barabara ya kutoka Embu hadi Meru itatumiwa kama hatua ya kufikirika. Mifano ya mbinu, kwa upande mwingine, itatolewa katika mashindano halisi.

2.0 Barabara ya Embu hadi Meru kama Darasa

Barabara hii huambaa na miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Hutoka Embu, ikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, kisha ikaivuka Ikweta karibu na mji wa Meru, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Haina kilele kimoja kikuu cha kupanda. Ugumu wake unatokana na mito inayoshuka kutoka mlimani, kama vile Thuci na Nithi, ambayo imechimba mabonde yanayoikata njia. Kila penye mto, msafiri hushuka hadi darajani na kupanda tena ng'ambo. Daraja la Nithi linajulikana kwa ukali wa mteremko wake. Mnamo Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Mtu aliyewahi kubeba madumu ya maziwa au ya maji kwa baiskeli katika mabonde kama haya anaifahamu kanuni ya kwanza ya mchezo bila ya kufundishwa: nguvu zilizotumiwa kwa pupa katika bonde la kwanza hazipatikani katika bonde la mwisho. Akiba ya wanga iliyomo mwilini huweza kumalizika baada ya saa mbili hivi za juhudi kali. Asiyekula na kunywa njiani huzimika ghafla kama koroboi iliyokauka mafuta.

Kanuni ya pili yahusu upepo. Katika tambarare, adui mkuu wa mwendeshaji ni ukinzani wa hewa. Akizidisha mwendo wake mara mbili, nguvu anayohitaji kuishinda hewa huongezeka mara nane. Anayemfuata mwenzake kwa karibu huweza kupunguziwa kazi kwa takriban thuluthi moja, na aliye katikati ya kundi kubwa hupunguziwa zaidi. Katika mwinuko mkali hali hubadilika. Mwendo hupungua, upepo hupoteza makali, na uzito wa mwili na wa baiskeli ndio unaovutana na mwendeshaji. Hapo kinga ya wenzake humsaidia kidogo tu.

Kutokana na kanuni hizi, bonde la Nithi lina sehemu tatu zinazodai akili tatu tofauti: mteremko unaodai ujasiri na breki nzuri, daraja linalodai kuingia ukiwa mbele ili usizuiwe na wengine, na mwinuko unaodai nguvu zilizotunzwa tangu Embu.

3.0 Msafara na Kirangozi

Kundi kubwa la waendeshaji wanaokwenda pamoja lapaswa kuitwaje? Njia moja ni kulitohoa jina la Kifaransa. Njia nyingine, ambayo makala haya yanaipendelea, ni kupanua maana ya neno lililopo. Neno "msafara" lafaa sana. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi bara ilikuwa na mpangilio: wapagazi walikuwa na mizigo yao, na mbele yao alitangulia kirangozi, yaani mwongoza njia. Watu wenye masilahi tofauti walisafiri pamoja kwa sababu kusafiri peke yao kulikuwa kwa hatari zaidi. Hali ya waendeshaji ni hiyo hiyo. Timu zinazoshindana hukaa pamoja kwa saa nyingi kwa kuwa upepo huwalazimisha. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Kwa mantiki hiyo, anayetangulia na kuukata upepo kwa niaba ya wengine anaweza kuitwa "kirangozi". Istilahi hii ina faida juu ya "kiongozi". Neno "kiongozi" tayari hutumiwa kwa mtu mwenye jumla ndogo ya muda, na mtu huyo mara nyingi ndiye anayejificha nyuma ya wengine. Lugha ikiwaita wote wawili "kiongozi", msikilizaji wa redio atadhani anayefanya kazi ndiye anayeongoza mbio, kumbe sivyo.

Kuhusu kinga anayoipata aliye nyuma, istilahi ya mabaharia "demani", yaani upande wa chombo uliokingwa na upepo, yaweza kupendekezwa. Hata hivyo, neno hilo pia ni jina la msimu, na mwanafunzi wa Chuka au Runyenjes asiyeijua bahari hatalielewa bila ya maelezo. Istilahi njema yapaswa kujieleza. Kwa hivyo "kinga ya upepo" inatosha.

4.0 Mchomoko na Mshazari

Mtu au watu wachache wanapouacha msafara, watangazaji husema "wamechomoka". Kitenzi hiki chaweza kuzaa nomino "mchomoko" kwa njia ya unyambuaji. Mchomoko haufaulu kwa ujasiri tu. Msafara huuruhusu iwapo hakuna aliyemo anayetishia jumla ya muda ya viongozi, kisha huufukuzia kilomita za mwisho zinapokaribia. Kwa hivyo mchomoko ni mapatano yasiyotamkwa, na yakivunjwa huanza vita.

Hali ya njia ndiyo inayoamua mahali pa kuchomoka. Katika Tour de France ya mwaka 2016, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah wa Kikuyu, alichomoka katika mteremko wa Peyresourde, mahali ambapo wapinzani wake walitarajia mapumziko. Alishinda hatua hiyo kwa sekunde 13. Siku chache baadaye, katika njia ya Montpellier, upepo wa ubavuni uliupasua msafara, naye akajiunga na wachache waliotangulia. Upepo wa namna hiyo huwalazimisha waendeshaji kujipanga kwa kukingama barabara, kila mmoja akijikinga ubavuni mwa mwenzake. Barabara ikijaa, wa nyuma hukosa kinga na kuachwa. Mpangilio huo waweza kuitwa "mshazari", neno ambalo kila mwanafunzi analijua kutokana na maandishi ya kulalia upande.

Mfano wa Kigali unaonyesha upande mwingine. Katika mbio za wanaume za tarehe 28 Septemba 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia aliendesha peke yake kwa zaidi ya kilomita 60 na kushinda. Njia ilijaa vilima, na vilima huwapunguzia wafuasi faida ya kinga. Barabara ya Embu hadi Meru, kwa mabonde yake, ingempendelea mwendeshaji wa aina hiyo kuliko yule mwenye kasi ya tambarare.

5.0 Mpambe

Istilahi nzito kuliko zote ni ya mwendeshaji anayeingia mbioni ili mwenzake ashinde. Huyu huchota chupa za maji kutoka kwenye gari la timu, humkinga mkuu wake na upepo, na humpa gurudumu lake likipasuka la mwenzake. Wafaransa humwita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Tafsiri sisisi ingetupa "mtumishi" au hata "boi", na kwa lugha iliyopitia ukoloni maneno hayo yana kovu. "Msaidizi" ni la adabu, lakini limepauka. Halionyeshi kwamba mtu huyu ana ujuzi wake mahususi.

Makala haya yanapendekeza "mpambe". Katika harusi, mpambe hukaa ubavuni mwa bibi harusi mbele ya macho ya watu wote, na kazi yake huheshimiwa. Ni kweli kwamba katika siasa neno "wapambe" limepata harufu ya kujipendekeza. Hata hivyo, muktadha wa michezo waweza kulisafisha, kama ambavyo "mshambuliaji" wa kandanda hachukuliwi kuwa mhalifu.

Ushahidi wa uzito wa kazi hii upo. Mwezi wa Julai 2012, katika mwinuko wa La Toussuire, Froome alikuwa mpambe wa Bradley Wiggins. Aliongeza mwendo, mkuu wake akaachwa nyuma, naye akapunguza kasi na kumngoja. Wiggins alitwaa ubingwa. Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata Froome alishinda, na safari hiyo Richie Porte ndiye aliyekuwa mpambe wake. Mtangazaji asiye na neno la kuutaja uhusiano huo angewaeleza wasikilizaji kwamba Froome alichoka. Huo ungekuwa uongo uliosababishwa na upungufu wa msamiati.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba istilahi kama vile msafara, kirangozi, kinga ya upepo, mchomoko, mshazari na mpambe zaweza kupatikana ndani ya Kiswahili chenyewe kwa kupanua maana, kunyambua na kuunganisha maneno. Imeonyeshwa pia kwamba uteuzi wa istilahi una athari: huamua nani ataonekana na nani atasahauliwa. Katika Tour de France ni desturi ya siku nyingi mshindi kuwagawia wenzake fedha za zawadi, kwa kuwa anajua hakufika peke yake. Wanamichezo wamekwisha kuutambua mchango wa mpambe kwa fedha. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuutambua kwa neno, ili siku msafara utakaposhuka Nithi na kupanda kuelekea Nkubu, mtangazaji aweze kumtaja kila atokwaye jasho kwa jina la kazi yake.