Fahamu Mto Wako: Kwa Nini Zebaki Hupimwa Mwaka Baada ya Mwaka

Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike na kwingineko katika Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo hutumia zebaki, ambayo wengi huiita mekyuri, kunasa dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Sehemu ya zebaki hiyo husombwa na maji hadi Mto Migori, unaoungana na Mto Kuja na kuingia Ziwa Victoria. Nyingine hupaa kama mvuke donge linapochomwa, kisha huanguka tena ardhini.

Zebaki huenda wapi?

Zebaki ni nzito, hivyo huzama na kushikamana na matope. Humo bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu inayoingia mwilini kwa urahisi. Viumbe wadogo wa majini huimeza, samaki wadogo huwala, na mbuta huwala samaki hao. Kila hatua sumu huongezeka. Kwa hivyo maji yanaweza kupita kipimo huku mbuta mkubwa akiwa na zebaki nyingi. Anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa ubongo wake bado unakua.

Kwa nini kupima mara moja hakutoshi?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza zebaki isizidi miligramu 0.006 kwa lita ya maji ya kunywa. Lakini mafuriko huibua matope ya zamani, na kiangazi huyatuliza. Ili kujua kama hali inaboreka, ni lazima kupima maji, matope na samaki mahali palepale, msimu uleule, kila mwaka, na pia juu ya mto kabla ya machimbo ili kulinganisha.

Mji wa Minamata, Japani, ni funzo. Ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa huko mwaka wa 1956, na kiwanda kikaacha kumwaga sumu hiyo 1968. Hata hivyo, samaki wa ghuba hiyo walitangazwa kuwa salama mwaka wa 1997.

Mkaazi afanye nini?

• Usichome donge la dhahabu nyumbani. Sufuria iliyotumiwa kwa kazi hiyo isirudi jikoni.
• Usimwage mabaki ya kuoshea dhahabu mtoni.
• Usitegemee moto: kuchemsha maji au kukaanga samaki hakuondoi zebaki.
• Endelea kula samaki, lakini mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wachague omena na ngege badala ya mbuta wakubwa.
• Wapimaji wakifika kijijini, waonyeshe mahali palipooshewa dhahabu zamani, hata kama sasa pamemea nyasi. Mzee anayepakumbuka mahali hapo atawaepusha kupima pasipofaa.