Somo la kusoma: Mlonge, figo za bibi na kiambishi hu-

Wanafunzi wa darasa la juu, pamoja na wazazi mnaosoma nao nyumbani,

Jumamosi iliyopita mwenzenu mmoja alikuja na ujumbe unaozunguka kwenye simu za jamaa zake: "Mlonge huponya figo zilizoharibiwa na dawa za hospitali." Bibi yake (katika nyumba nyingine zetu angeitwa nyanya) anaishi nao hapa Blacktown, na karibu kila siku humeza vidonge vya maumivu ya magoti. Sasa ameanza kukoroga unga wa mlonge kwenye uji ili vidonge visimdhuru figo. Mwenzenu aliuliza: Mwalimu, ni kweli? Lilikuwa swali zuri kuliko somo la methali nililokuwa nimeandaa, kwa hiyo methali zitasubiri.

Tuanze na figo zenyewe. Kila moja ina ukubwa wa ngumi hivi, na ndani yake mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini. Kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia hiyo hiyo. Madaktari hujua hali ya figo kwa kupima damu na kutazama kreatinini, ambayo ni taka inayotokana na misuli. Figo zikishindwa kazi, kreatinini hupanda. Ubaya wake ni kwamba figo zinaweza kuharibika bila kuuma hata kidogo, kwa hiyo bibi hawezi kusema "najisikia vizuri" ukawa ndio ushahidi.

Ujumbe ule wa simu haukutoka hewani. Una mzazi wake maabara. Kuna dawa iitwayo gentamaisini, sindano ya kuua bakteria inayotumika sana hospitalini, Afrika Mashariki na hapa Australia pia. Inaokoa maisha, lakini ikitolewa kwa siku nyingi hujikusanya ndani ya chembe hai za mirija ya figo na kuziumiza. Watafiti wa nchi nyingi wamefanya jaribio la namna moja tena na tena. Huchukua panya na kuwagawa makundi. Kundi la kwanza hupewa maji tu. La pili huchomwa gentamaisini nyingi kwa muda wa wiki moja hivi. La tatu huchomwa dawa ile ile, lakini pia hunyweshwa maji ya mmea yaliyochujwa: mlonge, habasoda, manjano, tangawizi na mengine. Mwishoni hupimwa kreatinini, na vipande vya figo hutazamwa kwa hadubini. Mara nyingi kundi la tatu huonekana afadhali kuliko la pili. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mimea hiyo ina viini vinavyotuliza aina kali za oksijeni ambazo dawa huzizalisha ndani ya figo.

Sasa tazameni lugha. Matokeo ya maabara, yakiandikwa kwa uaminifu, yatasomeka hivi:

Maji ya majani ya mlonge yalipunguza madhara ya gentamaisini kwenye figo za panya.

Linganisheni na ujumbe wa simu. Kwanza, -li- imegeuka hu-. Kiambishi -li- kinasema jambo lilitokea, mahali fulani, kwa wanyama fulani. Hu- kinasema ndivyo ilivyo siku zote na kwa kila mtu. Pili, "kupunguza madhara" kumekuwa "kuponya". Panya wale walipewa mmea pamoja na sumu, au kabla yake. Hiyo ni kinga. Kutibu ni kumshughulikia aliyekwisha kuugua, na kuponya ni kufanikiwa. Tatu, "gentamaisini" imekuwa "dawa za hospitali", zote kwa mpigo. Nne, panya wametoweka kabisa! Maneno manne tu yamebadilishwa, na bibi amebadilisha uji wake.

Lile la tatu ndilo zito zaidi. Vidonge vya bibi si gentamaisini. Ni ibuprofeni, ile inayouzwa hata supamaketi, na nyumbani wengi wanamjua ndugu yake diklofenaki. Dawa hizi huumiza figo kwa njia nyingine. Mwili una kemikali zake zinazoacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, na kemikali hizo hizo ndizo huchochea maumivu na uvimbe. Kidonge kikizizima, goti linatulia, lakini mshipa nao unabana na figo inapata damu kidogo. Kijana mwenye afya anayemeza kwa siku mbili tatu kwa kawaida hapati shida. Lakini mzee anayemeza pia dawa ya presha (nyingi majina yake huishia na -pril au -sartan) pamoja na kidonge cha kukojoza maji, figo zake zinabanwa pande tatu kwa pamoja. Madaktari wa Australia wamekuwa wakionya juu ya mchanganyiko huo kwa miaka mingi. Hata kama mlonge ungetuliza ile oksijeni kali, haujaonyeshwa kufungua mshipa uliobanwa.

Isitoshe, nchi hii ina kumbukumbu chungu ya dawa za maumivu. Tangu kabla ya vita vya pili vya dunia mpaka miaka ya 1970, maduka ya kawaida yaliuza unga wa Bex na Vincent's, mchanganyiko wa aspirini, fenasetini na kafeini. Akina mama wa nyumbani ndio waliolengwa na matangazo. Kikombe cha chai, Bex moja na kujilaza kidogo: usemi huo ulizoeleka kiasi kwamba mwaka 1965 ulikuwa jina la mchezo wa vichekesho jukwaani hapa Sydney. Wengi walilamba unga huo kila siku, na figo zao zikafa polepole. Priscilla Kincaid-Smith, daktari mzaliwa wa Johannesburg aliyefanya kazi Melbourne, alikuwa mstari wa mbele kuonyesha uhusiano huo. Uuzaji huria ulipozuiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa ule ukapungua sana. Figo zilikingwa kwa kuacha unga.

Vivyo hivyo kwa sisplatini, dawa ya saratani inayojulikana kwa kuumiza figo. Mimea mingi imejaribiwa kwa panya dhidi yake, lakini kinachotumika hospitalini ni dripu ya maji ya chumvi. Sidharau miti shamba. Muhimbili, Dar es Salaam, wana taasisi inayoichunguza kwa makini, na mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974. Ila mmea nao unaweza kuwa sumu. Brussels, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Na wenye asili ya Unguja na Mombasa msikilize hili: mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia figo baada ya kunywa juisi ya bilimbi ili kushusha lehemu. Saba walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Bilimbi mbili tatu kwenye mchuzi si sawa na juisi nzito glasi kwa glasi.

Kwa mwenzenu aliyeuliza: usimnyang'anye bibi kikombe chake, wala asiache dawa ya presha kwa sababu ya gazeti la shule. Mpelekeni kwa daktari na vidonge vyote, pamoja na ule unga, katika mfuko mmoja. Mkalimani wa bure hupatikana kwa simu 131 450, na daktari mwenyewe anaweza kupiga. Mambo ya figo si ya kukalimaniwa na mtoto wa miaka 13, hata awe hodari namna gani.

Kazi ya Jumamosi ijayo

1. Kwa ruhusa ya wazee wako, andika kila dawa na kila mmea unaotumika nyumbani, kiasi gani na mara ngapi kwa siku. Orodha ibaki nyumbani. Darasani tutaleta maneno mapya tu.

2. Tafsiri kwa Kiingereza, kisha mfundishe bibi au babu kuisema mwenyewe: "Daktari, mbali na vidonge hivi, ninakunywa unga wa mlonge kila asubuhi. Naomba nipimwe figo."

3. Tafuta ujumbe mmoja wa afya kwenye simu ya nyumbani wenye kitenzi cha hu-. Uandike upya kwa -li-, na uulize: nani, wapi, kiasi gani?