Weka Namba Kwanza: Aljebra ya Mwaka wa Kwanza, Ikuti

Kijana wa Ikuti, wilayani Rungwe, anayejiandaa kuanza chuo huja na daftari jipya na kanuni za zamani. Kongwe kuliko zote ni MAGAZIJUTO ya shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwandikie 10 − 3 + 2 ubaoni na mara nyingi utapata 5, maana JU imetangulia TO. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Kinachotangulia ni kilicho kushoto.

Sekondari aliikuta kanuni hiyohiyo kwa jina la BODMAS, na somo lenyewe limegeuka Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne yanajulikana: mwaka 2023 waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Anayekwenda chuo, iwe Mpuguso, Tukuyu au Mbeya mjini, hajakosa mazoezi. Alichokosa ni njia ya kujua mwenyewe kwamba amekosea, bila kusubiri kalamu nyekundu.

Ndiyo maana nikifundisha, sianzi na kanuni mpya. Naanza na amri moja: weka namba.

Chukua 2x = 10. Mwanafunzi anakumbuka kwamba namba “ikivuka inabadilika”, basi 2 inavuka, inakuwa kutoa, x = 8. Usimsahihishe. Mwambie aweke 8 mahali pa x.

“Mbili mara nane?”

“Kumi na sita, mwalimu.”

Anatazama ile 10, anachukua kifutio. Hapo ndipo pa kumweleza kwamba hakuna kinachovuka popote: pande zote mbili zimegawanywa kwa 2.

Maswali ya maneno yatoke shambani. Ikuti watu wanalima chai na migomba, na kila nyumba inajua makato. Tuseme kilo ya majani mabichi ni shilingi 300, mkulima amekatwa 24,000 za mbolea, akapokea 51,000. Alichuma kilo ngapi? 300x − 24,000 = 51,000, hivyo 300x = 75,000 na x ni 250. Wengine hulipata jibu kichwani kabla ya kuandika mlinganyo. Waache, kisha waulize walianza na nini. Watasema, “Nimerudisha kwanza hela ya mbolea.” Hiyo ndiyo aljebra waliyodhani hawaijui.

Kinachovuruga zaidi ni herufi. Walimu wengi hupenda kusema m ni maembe, n ni ndizi. Nakataa kabisa: m ni idadi ya maembe, au bei yake, lakini daima ni namba. Katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Massachusetts, Marekani, waliwapa wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi hii waigeuze mlinganyo, S ikiwa idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa: wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa. Zaidi ya theluthi walikosea, wengi wakiandika 6S = P, kana kwamba S ni mwanafunzi na si idadi. Maprofesa wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Weka namba hizo na mlinganyo huo unaanguka palepale. Sahihi ni S = 6P.

Rungwe mvua haina simile. Ikianza kupiga bati, sauti ya mwalimu imekwisha. Huo ndio wakati wa kuandika ubaoni (a + b)² = a² + b² na kuwaacha waipime wawili wawili. Waliochagua 3 na 4 watapata 49 upande mmoja, 25 upande wa pili.

Tahadhari ni moja. Wavivu hupima kwa 0, 1 au 2, na namba hizo hudanganya: x² na 2x zinalingana x ikiwa 2, na ikiwa 0 pia. Dai basi namba mbili, mojawapo iwe hasi, au ya ovyo kama 7. Zikikataa, kanuni ni batili. Zikikubali, bado haijathibitishwa, na hapo ndipo unapofungua mabano pamoja nao, hatua kwa hatua.